Karatasi ya pensheni ya babu imeandika "Msudani". Nianze wapi kuutafuta ukoo wake?

#1 NyumbaYaBati (Bombo)
Salaam wakuu.

Mama yetu alituaga mwezi wa Februari. Tulipogawana vitu vyake mimi niliomba kimoja tu, mkebe wa biskuti uliokuwa chini ya kitanda, ambao tangu utoto tulikatazwa kuugusa. Ndani mna karatasi za babu, baba yake mama, aliyekuwa askari wa Keya (K.A.R., King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza). Kuna cheti cha kuachishwa jeshi kilichokunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka. Kuna pia kitabu kidogo cha pensheni chenye mihuri ya ofisi ya DC (mkuu wa wilaya). Muhuri wa kwanza ni wa 1936, wa mwisho ni wa 1951, mwaka aliofariki. Kando ya kila muhuri kuna alama ya dole gumba lake kwa wino wa zambarau. Niliweka dole langu juu ya lake. Lake lilikuwa pana kiasi kwamba langu lilimezwa lote, nikakaa pale nalia kama msiba umeanza upya.

Cheti kinasema hivi: Rajabu bin Abdallah, batalioni ya 4 ya Keya, kabila Msudani. Mwaka wa kuingia jeshini ni 191 na tarakimu ya mwisho imeliwa na mkunjo. Mahali pa kijiji na chifu pamepigwa kistari tu.

Sisi Bombo tunajulikana ni Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan, nyumbani ni Kinubi na Kiswahili, na sina tatizo na hilo. Ninachotaka ni kijiji chake. Mdogo wangu alipojaza fomu ya kitambulisho aliulizwa ukoo, akaandika "Abdallah" kwa kukosa la kuandika. Nimewaza kuandika barua Juba, lakini nimwandikie nani?

#2 Kijana_Kireka
Pole sana kwa msiba, mama. Ingia mtandaoni kwenye orodha ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure, weka jina la babu. Mimi nilimpata kaka wa bibi yangu kwa dakika tano, na jina la baba yake, na namba yake ya jeshi.

#3 KaratasiKongwe (Kampala)
Kijana, umemwelekeza kwa nia njema ila hapo hatampata. Orodha ile ni ya waliokufa tu: kwa vita ya kwanza kuanzia 4 Agosti 1914 mpaka 31 Agosti 1921, kwa vita ya pili kuanzia 3 Septemba 1939 mpaka 31 Desemba 1947. Babu huyu alikufa 1951 akiwa anakula pensheni yake.

Dada, wengi hufikiri kila kitu kiko Uingereza. Kule Kew, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, utakuta faili za maafisa Wazungu, na barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Keya (fungu la CO 534) na kuhusu Uganda (CO 536). Faili za askari Waafrika mmoja mmoja kwa kawaida zilibaki huku. Kwa hiyo kabla ya kuwaza nauli ya ndege, anza na hifadhi ya nyaraka ya taifa pale Wandegeya, maana zile karatasi za serikali ya kikoloni zilizokuwa Entebbe zilihamishiwa huko. Usiombe "faili la babu". Omba mafaili ya pensheni na ya askari wastaafu kwa jina la wilaya, kisha ukae usome ukurasa kwa ukurasa.

Na jambo moja zaidi. Kuwa na kitabu cha pensheni peke yake ni habari kubwa. Wengi mno waliopigana vita ya pili walipewa kiinua mgongo mara moja na tiketi ya kurudi kwao. Pensheni ya kila robo mwaka maana yake huyu alikuwa askari wa kazi, wa miaka mingi, au aliumia vitani. Je, kuna mahali pameandikwa jeraha?

#4 NyumbaYaBati
Jeraha halijaandikwa. Mama alisema alikuwa anatembea vizuri mpaka uzeeni.

#5 Hajji_Masindi
Bismillah. Binti yangu, acha kumtafuta huyo Abdallah, utachoka bure. Mtu akisilimu na baba yake si Mwislamu, wazee walikuwa wanamwita "bin Abdallah", yaani mwana wa mja wa Mwenyezi Mungu. Halikuwa jina la baba aliyemzaa. Katika daftari moja la msikiti kwetu nimeona wanaume kumi na mmoja mfululizo, wote bin Abdallah, wote walisilimu kambini, na hakuna hata wawili waliokuwa ndugu.

Inawezekana sana babu yako alisilimu akiwa mtu mzima. Karatasi inaashiria hivyo. Basi baba yake angekuwa na jina jingine kabisa.

#6 Mtoto_wa_Bombo
Hajji, kwa heshima zote, hapo nakupinga. Abdallah ni jina la kawaida kabisa kwetu Wanubi. Babu yangu mzaa baba ni Abdallah, baba yake Fadhilmula, na hao walizaliwa ndani ya Uislamu. Huwezi kumvua mtu baba yake kwa sababu ya jina moja.

#7 Hajji_Masindi
Sijamvua mtu, mwanangu. Nimesema inawezekana sana. Wako alikuwa na baba yake Fadhilmula, wa dada huyu ameishia kwa Abdallah na kistari. Hicho kistari ndicho kinachonisemesha.

#8 Afande_Mstaafu (Jinja)
Naomba niweke historia kidogo, maana neno "Msudani" katika karatasi za jeshi halikuwa na maana ya nchi.

Mwaka 1891 Lugard, ofisa Mwingereza, alikwenda Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari waliobaki wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa Equatoria kusini mwa Sudan, chini ya Selim Bey. Walikuja na wake, watoto na watumishi wao, msafara wa maelfu. Hao ndio mgongo wa jeshi la Uganda, likaitwa Uganda Rifles 1895. Mwaka 1897 wakaasi, maana mshahara ulikuwa mdogo na unachelewa, na walitumwa safari juu ya safari wakiacha familia. Walizingirwa kwenye ngome ya Lubwa kule Busoga. Januari 1902 Uganda Rifles ikawa batalioni ya 4 ya Keya.

Sasa fikirini: mtoto aliyezaliwa Hoima au Entebbe 1895, baba askari, akiingia jeshini 1913 ameandikwa nini? Msudani. Hata kama mama yake ni Mnyoro na yeye hajawahi kuiona Sudan kwa macho. Na hao watu wa Selim Bey wenyewe walikuwa Wamakaraka, Wabari, Wadinka, Wakakwa, Walendu, kila aina. "Msudani" lilikuwa jina la kampuni, la gwaride, la mstari wa nyumba kambini.

Kwa hiyo dada, barua ya Juba weka kwanza.

#9 BintiArua
Afande umesema vizuri, lakini umeruka jambo ambalo sisi wa West Nile hatuwezi kuliruka. Kwetu hakukuwa Uganda wakati huo! Eneo la Lado lilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipokufa Desemba 1909 likarudi Sudan mwaka uliofuata. Sehemu yetu ya kusini, Arua na jirani zake, iliingia Uganda 1 Januari 1914.

Maana yake: kama ile tarakimu iliyoliwa ni 0, 1, 2 au 3, kijana wa Arua, Nebbi au Koboko aliyevuka Mto Nile kwenda kujiandikisha alikuwa Msudani kisheria kabisa. Karani hakukosea. Sasa tuambie, dada, tarakimu hiyo inafanana na nini?

#10 Afande_Mstaafu
Hoja nzito, BintiArua, naikubali. Ila ikiwa 1914 kwenda juu, inaanguka.

#11 Kijana_Kireka
Hesabu rahisi: pensheni imeanza 1936. Ukitoa miaka 18 unapata 1918. Ukitoa 21 unapata 1915.

#12 KaratasiKongwe
Hesabu yako inachukulia kwamba pensheni ilianza siku aliyotoka jeshini na kwamba hakuwahi kutoka akarudi. Wengi walimaliza mkataba, wakaenda kulima, wakajiandikisha tena. Muhuri wa 1936 unaweza pia kuwa wa kitabu cha pili baada ya cha kwanza kujaa. Dada, kitabu kina namba ya juzuu?

#13 NyumbaYaBati
Hakina jalada la mbele. Tarakimu nimeitazama mpaka macho yanauma: kuna kiduara juu, chini pametoboka. 3, 8 au 9.

#14 Mwalimu_Tororo
Mna medali? Hilo ndilo la kuuliza kabla ya yote. Medali za vita ya kwanza zilichongwa ukingoni namba, cheo, jina na kikosi cha mwenyewe. Za vita ya pili kwa kawaida Waingereza walizitoa tupu bila jina, kwa hiyo nyumba nyingi zina nyota za Burma na hakuna ajuaye ni ya nani. Kama babu alikuwa Keya kabla ya 1918, tafuteni kitu cha fedha cha mviringo: upande mmoja kichwa cha Mfalme George V, upande mwingine mtu uchi juu ya farasi.

#15 NyumbaYaBati
Mtu uchi juu ya farasi!! Mwalimu, umenirudisha utotoni. Tulikuwa tunaicheza ile kama sarafu ya duka, mama akatunyang'anya akatuchapa. Nauliza nyumba nzima, nitarudi.

#16 Muzukulu_wa_Budo
Wakati tunamsubiri: si kila aliyevaa kofia ya Keya alibeba bunduki. Babu yangu alitolewa shuleni Budo pamoja na wenzake, na wengine wa Namilyango, wakaingizwa kikosi cha matabibu Waafrika, wakabeba majeruhi Tanganyika. Sisi Baganda tuna bahati moja, jina peke yake linakutajia kika, yaani ukoo. Karani akiliandika hata vibaya, mzee akilisikia anajua huyu ni wa Mamba au wa Nkima. Ukiandikwa "bin Abdallah" mlango huo umefungwa.

#17 Apwoyo_Nebbi
Jina kwetu Walur halirithiwi hata hivyo. Baba anaitwa hivi, mtoto vile. Ukiona ndugu watatu kwenye daftari huwezi kujua ni ndugu. Ndiyo maana ukoo na kilima vinahitajika.

#18 Mama_Pakwach
Nisome nikae kimya nimeshindwa. Kwetu ni kinyume: tuna kijiji, tuna ukoo, hatuna karatasi. Kaka yake baba aliingia jeshi la mizinga, kikosi cha 301, wakapandishwa meli ya Khedive Ismail pale Mombasa kwenda Colombo. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Wajapani ikaipiga karibu na Maldivi. Meli ilizama kwa dakika chache. Watu karibu 1,300 walikufa, na zaidi ya nusu yao walikuwa wa kikosi hicho cha Afrika Mashariki. Bibi alikufa akiamini mwanawe alioa India akawasahau. Ni mimi niliyemkuta kwenye ile orodha aliyoitaja Kijana_Kireka (#2), na jina lake limeandikwa kwenye mnara ulioko makaburi ya vita Nairobi. Nilikwenda. Nililigusa. Nililia kwa niaba ya bibi.

Kwa hiyo kijana asikatishwe tamaa, orodha yake ina kazi.

#19 Kijana_Kireka
Apwoyo mama. Umenifanya nisimame nje ya ofisi nikipangusa macho.

#20 Afande_Mstaafu
Mungu awarehemu. Watu wa Uganda waliokwenda vita ile ya pili wanahesabiwa kama 77,000. Kila saza lina mama wa namna hiyo. Na tume ya makaburi ilitoa ripoti 2021 ikakiri kwamba baada ya vita ya kwanza Waafrika, Wahindi na Wamisri wengi hawakuandikwa majina yao kama walivyoandikwa Wazungu. Waliokosa jina au kukosa kumbukumbu kabisa ni 116,000 kwa uchache, na wanaweza kufika 350,000. Sehemu kubwa ni wapagazi wetu wa Kariakoo (Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo).

#21 Mpenda_Lugha
Mnaona jinsi Kiswahili kilivyoingia nchi hii? Kwa hao hao. Mlugbara, Mwacholi, Mteso na Mnubi walilala hema moja na amri ilikuwa Kiswahili. Leo mtu wa Kampala akisikia Kiswahili anashtuka, anakumbuka vizuizi vya wanajeshi barabarani. Mimi nakikumbuka kwa babu aliyenihesabia maembe, moja, mbili, tatu.

#22 Muzukulu_wa_Budo
Mpenda Lugha, tusimwibie dada uzi wake. Ila nyumbani kwetu kweli kilikuwa kinaogopwa, na nimekijifunza ukubwani kwa hiari yangu.

#23 NyumbaYaBati
Nimeipata! Ilikuwa kwa mtoto wa dada yangu Luweero, kwenye sanduku la cherehani. Ni nyeusi kama makaa. Nilitaka kuisugua kwa jivu.

#24 Mwalimu_Tororo
USIISUGUE. Jivu litakula maandishi. Zima taa, washa tochi ya simu, ilaze pembeni kabisa ili mwanga upite juu ya ukingo. Zungusha polepole. Andika herufi moja moja, usikisie neno.

#25 NyumbaYaBati
Mikono inatetemeka. Nimefanya mara nne, mwanangu ameandika bila mimi kumwambia ninachokiona, na tumelingana.

Kwanza namba. Namba ni ile ile ya kwenye cheti, tarakimu zote. Kisha cheo cha askari wa kawaida. Mwisho kabisa 4 na K.A.R. Lakini katikati, mahali pa jina, hakuna Rajabu wala Abdallah. Imeandikwa O K U M, kisha herufi moja iliyosagika.

Huyu ni nani?

#26 Apwoyo_Nebbi
OKUMU. Dada, karibu nyumbani. Huyo ni Mlur.

#27 Mwalimu_Tororo
Pole pole Nebbi! Okumu wako Padhola, huku kwetu Tororo, tangu enzi. Mimi mwenyewe nina wajomba wawili wa jina hilo.

#28 Hajji_Masindi
Alhamdulillahi. Nilisema #5. Aliingia Okumu, akasilimu akawa Rajabu, na baba akawa Abdallah. Namba ya jeshi haikusilimu, ilibaki ile ile.

#29 Mtoto_wa_Bombo
Hajji leo umeshinda nusu. Lakini herufi ya mwisho haijulikani. Karani Mwingereza akisikia "Hakim" anaweza kuandika Okum, au Okumi. Nimeona jina la Khamis likiandikwa kwa namna sita. Hakimu ni jina la Kinubi safi.

#30 Afande_Mstaafu
Kuna jingine ambalo hamlipendi lakini lazima lisemwe. Namba moja, majina mawili: inawezekana ni watu wawili. Nimefanya kazi na karatasi za jeshi. Mtu anatoroka, ndugu au rafiki anaingia na karatasi zake kwa sababu nafasi iko. Au Okumu alikufa, medali ikatolewa kwa jina lake ikachukuliwa na mwenzake wa hema aliyeahidi kuipeleka nyumbani, akashindwa.

#31 NyumbaYaBati
Afande, hilo limenichoma. Kwamba labda tumehifadhi kitu cha maiti ya mtu mwingine miaka mia moja.

#32 KaratasiKongwe
Dada, tulia, tupime. Medali hiyo haikutolewa kwa aliyeingia baada ya vita, kwa hiyo tarakimu ya 9 tuiondoe. Inabaki 3 au 8. Kama ni 3, alikuwa vitani tangu mwanzo, na waliofika uwanja wa vita kabla ya 1915 kwisha walipewa pia nyota ya shaba ya 1914–15. Mkebeni kuna nyota? Na lile wazo la Afande la watu wawili lingekuwa na nguvu zaidi kama namba zingetofautiana kidogo. Kulingana kote kunanivuta kwa Hajji.

#33 NyumbaYaBati
Nyota hakuna. Ila dada yangu anasema kulikuwa na "kitu chenye ncha" ambacho kaka alikichimbia kwenye mgomba. Mgomba wenyewe ulishakatwa, pamejengwa choo.

#34 BintiArua
Mfukue tu, tutachanga hela ya kujenga choo kingine! Lakini kweli: 1913 na Okumu wa Nebbi vinakaa pamoja bila kugombana. Mlur wa 1913 alikuwa ndani ya Sudan. Msudani. Kila kitu kwenye cheti ni kweli.

#35 Mwalimu_Tororo
Na 1918 na Okumu wa Tororo je? Kuna sababu mtu wa kwetu angejiita Msudani. Waandikishaji walikuwa na makabila wanayoyapenda, waliyoyaita ya kivita, na Msudani alikuwa juu ya orodha. Kijana mwenye njaa aliyekataliwa Jumatatu kwa kabila lake, Jumanne anarudi na fezi na jina jipya. Wazee wetu wanalisimulia hilo bila aibu.

#36 Apwoyo_Nebbi
Dada, mama yako aliwahi kusikia neno lolote kutoka kwake lisilo Kinubi wala Kiswahili? Wimbo, tusi, hesabu, chochote.

#37 NyumbaYaBati
Moja. Mama alikuwa na miaka kama kumi na moja babu alipougua mara ya mwisho. Sisi kwa Kinubi maji ni *moyo*. Alikuwa anakataa kikombe wakimwambia moyo, moyo. Alikuwa anasema *pii*. Walidhani anataka kwenda haja. Mama alikuja kujutia hilo maisha yake yote, kwamba hawakuelewa. Alinisimulia mara moja tu.

#38 Apwoyo_Nebbi
Dada. *Pii* ni maji.

#39 Mwalimu_Tororo
Ni maji. Kwetu pia ni maji.

#40 Mama_Pakwach
Ee Mungu. Alikuwa na kiu.

#41 Mtoto_wa_Bombo
Sina ubishi leo. Naongeza kwa uaminifu tu: Wadinka wanasema *piu*, Washiluk nao karibu hivyo hivyo, na Waacholi wako pande zote mbili za mpaka. Kwa hiyo Sudan haijafutika. Lakini Hakimu wangu namwondoa.

#42 Hajji_Masindi
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Binti, mama yako alikuwa mtoto. Asibebeshwe.

#43 Nakawa_Wakili
Nimechelewa kufika, niseme la kisheria kwa sababu #1 umegusa kitambulisho. Katiba ya 1995 inamtambua raia wa kuzaliwa kwa mzazi au babu aliyekuwa wa jamii za asili zilizokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Kwenye ile orodha ya jamii, Wanubi wamo, Walur wamo, Wajopadhola wamo. Kwa hiyo lolote mtakalolipata, mdogo wako hapotezi kitu. Asibadili fomu kwa haraka.

#44 BintiArua
Wakili, kwenye sheria sawa, dirishani ni kitu kingine. Ofisi moja niliwahi kurudishwa mara tatu kwa sababu jina la babu kwenye karatasi ya jeshi lilitofautiana na la baba kwenye cheti cha ubatizo. Karani alisema nichague babu mmoja. Niliondoka bila kujibu, niliogopa ningesema neno baya.

#45 KaratasiKongwe
BintiArua kataja ubatizo, naye kanikumbusha. Kama Okumu alitoka Nebbi, ndugu zake waliobaki wanaweza kuwa kwenye madaftari ya parokia. Wamisionari wa Verona walifika pande hizo 1910. Mashariki, kwa Mwalimu, ni Mapadri wa Mill Hill. Madaftari ni ya Kilatini, yanataja baba na mama wa mbatizwa, na mara nyingi kijiji. Jeshi lilimwandika babu peke yake, padri aliandika nyumba nzima.

#46 Apwoyo_Nebbi
Nimeshapiga simu nyumbani. Shangazi wa baba yangu, hana hata jino moja lakini kumbukumbu zake ni kali, anasema katika ukoo wetu mdogo kulikuwa na Okumu aliyefuata askari ng'ambo ya mto kabla ya vita ya kwanza. Walimtengea sehemu kwenye *abila*, pale tunapowakumbuka wakubwa, kwa sababu hawakujua kama yu hai. Mama yake alikuwa akimwekea unga.

#47 Mwalimu_Tororo
Nami sisemi kwa ushindani. Upande wa mjomba wangu kuna Okumu aliyepelekwa Bombo wakati wa vita ile akaacha mke mjamzito. Mtoto aliitwa kwa jina la safari. Wajukuu wake wako hai, na hawana picha.

#48 Afande_Mstaafu
Sasa tuna nyumba mbili zenye pengo na mkebe mmoja. Dada, uamuzi wako.

#49 NyumbaYaBati
Nimekaa na uzi huu usiku kucha. Webale nyote, apwoyo, shukran.

Jumatatu naenda Wandegeya na barua ya LC1 (mwenyekiti wa kijiji), kitabu cha pensheni na medali nikiwa nimevifunga kwa leso ya mama. Choo tutaangalia baadaye, BintiArua.

Kwa Nebbi na Tororo nina ombi. Siku zile za mwisho, pamoja na *pii*, babu alikuwa anamwita mwanamke mmoja kwa jina. Halikuwa jina la habuba (bibi) wala la mtu yeyote wa Bombo. Mama alilishika, na kabla hajafa aliniambia. Sitaliandika hapa. Kila mmoja wenu amuulize mzee wake majina ya mama, dada na mke wa huyo Okumu wenu, kisha anitumie faraghani, bila kumwonyesha mwenzake. Msinifurahishe. Mkikosa, semeni mmekosa.

#50 Apwoyo_Nebbi
Nimekutumia. Majina manne. La dada mmoja shangazi hana uhakika nalo, nimeliwekea alama.

#51 Mwalimu_Tororo
Mzee wangu hana simu. Napanda gari kesho alfajiri kwenda Nagongera, nitafika kabla ya mchana. Usifungue ya Nebbi mpaka ya kwangu ifike, tafadhali.

#52 NyumbaYaBati
Sijafungua. Nakusubiri.